Birika la Bi Mwanaidi

Mie si mtu wa kutulia. Mke wangu anasema hata nikikaa kwenye kochi mguu wangu mmoja unaendesha gari. Sawa, lakini huo mguu ndio uliotufikisha hapa. Nina malori saba yanayoingia na kutoka Kurasini, na nyumba Madale, juu kabisa kilimani, nimeijenga tofali kwa tofali bila kuomba mtu. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa. Wale waliokuwa wanaongoza darasani kwetu, leo wengine wananipigia simu wakitaka vijana wao wawe matingo, wasaidizi wa madereva kwenye magari yangu, nami nawachukua. Najisifu, ndiyo. Mtu aliyetoka nilikotoka mie asipojisifu mwenyewe atasifiwa na nani?

Sasa juzi nimekatika maneno mbele ya watu, na hilo halijawahi kunitokea. Ilikuwa siku ya wazee na wagonjwa kanisani kwetu. Mchele, mafuta na sabuni vilishushwa na gari langu, watu wanaona. Paroko akanipa kipaza sauti, akasema, "Waambie waamini, moyo huu umeutoa wapi?" Nikaanza vizuri tu, nikasema nimefundishwa na mama yangu, kanisa likapiga makofi. Kabla sijaendelea, bibi mmoja kwenye foleni akasogea akanishika mkono anishukuru. Mwilini alinukia mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, yale ya kuchulia viungo. Basi. Nilifungua mdomo hakikutoka kitu. Nikamrudishia Paroko kipaza sauti chake, nikatoka nje, nikajifanya napokea simu.

Tangu siku hiyo sikai. Natoka ofisini naenda yadi, natoka yadi narudi ofisini, madereva wanadhani nawachunguza. Nimeona bora niandike, kwa maandishi yangu haya ya darasa la saba, niwaandikie nyie wa rika langu mliokulia uswahilini enzi zile sabuni inatafutwa kama dawa. Nyie mtanielewa. Vijana wataniuliza kwa nini sikusahau.

Tulikuwa tunakaa Mtoni, Temeke, chumba kimoja na ukumbi wa kupitia. Sie ni Wanyamwezi wa Tabora, lakini Tabora mie niliondoka nimebebwa mgongoni, sikuijua. Baba alikuwa kuli bandarini. Magunia yalikuwa yanapanda mabegani mwa watu, si kama leo mashine inanyanyua kontena kama mtu anayeokota kiberiti. Siku moja rundo la magunia lilimporomokea. Mie nilipelekwa kwa jirani nikakae huko mpaka mambo yaishe, nikapewa mkate na chai ya maziwa, nikafurahi. Niliporudi nyumbani baba alikuwa ameshazikwa. Nilikuwa na miaka saba kuelekea nane.

Mama hakulia mbele yangu. Alikaanga vitumbua alfajiri, akauza, na kila Jumamosi asubuhi alikwenda kusali kwenye jumuiya. Mnajua jumuiya: nyumba kama kumi na mbili, mkeka, sala, halafu matangazo marefu kuliko sala. Kwaresima ile mwenyekiti, mzee mmoja karani wa reli, alisema mwaka huu hatutachangisha vitu tu, kila nyumba itachukua mgonjwa mmoja imhudumie kwa mikono. Akaanza kugawa: wewe fulani, wewe fulani. Alipofika kwa mama, mama akasema yeye mgonjwa wake ameshampata.

"Nani?"

"Bi Mwanaidi, yule wa nyumba ya msikiti."

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, wazo zuri. Lakini tungeanza na wa kwetu kwanza."

"Mwenyekiti, yule anakojoa kitandani. Mkojo hauna cheti cha ubatizo."

Wanawake wakacheka wamejifunika kanga. Mwenyekiti akaandika.

Bi Mwanaidi alikuwa Mzaramo mwenyeji kabisa, wale ambao babu zao walikuwa na minazi hapo kabla Temeke haijaitwa mjini. Mwaka huo kiharusi kilikuwa kimempiga, miguu yote miwili ikafa, mkono wa kushoto nao ukafuata. Mtoto wake wa kiume alikuwa kisiwani Mafia huko. Majirani zake hawakumtupa, nisije nikawasingizia; uji ulikuja, wali wa Ijumaa ulikuja. Ila kumgeuza, kumwogesha, kufua yale mashuka, hapo kila mtu alikuwa na haraka zake. Mama ndiye aliyechukua hiyo. Jumamosi kufua na kumwogesha kwa marefu, siku nyingine kumgeuza jioni na kumchua mgongo na mafuta yake ya nazi na karafuu. Mie nilipewa maji. Nachota bombani kwa ndoo ndogo, najaza pipa lake, halafu najaza birika la plastiki la kijani, naliweka chini upande wa kulia wa kitanda, mkono mzima unapofika. Birika lile lilikuwa la udhu. Bi Mwanaidi alikuwa anaswali amelala, anaashiria kwa macho na kidole, lakini bila udhu haswali. Kabla ya alasiri liwe limejaa, ndiyo amri.

Kazi yenyewe sikuichukia. Nilichokuwa nakichukia ni mdomo wa yule bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mpagazi. Mbona maji nusu ndoo? Babu zako walikuwa wanabeba pembe za ndovu toka Unyamwezi mpaka pwani, wewe ndoo inakushinda?"

Hapo mie peke yangu. Mama akiwepo ndiyo kabisa. Mama anamsugua mgongo, yeye anatukana. "Wewe Mnyamwezi, taratibu, unasugua mtu au unasugua sufuria? Huko kwenu mnaogeshana kwa mawe?" Na mama, mama yangu mpole ambaye hata kuku alikuwa anamfukuza kwa heshima, anamjibu, "Nyamaza wewe Mzaramo mvivu. Ungekuwa unasikia ngoma ya mdundiko hapo nje miguu ingeshapona, ungekuwa mbele unakata kiuno." Na wanacheka, mama machozi yanamtoka.

Nyie mnaosoma mshajua. Mie wa miaka minane sikujua. Mie niliona mtu mgonjwa, asiye na shukrani, anamtukana mama yangu anayemfulia mikojo bure, na mama anacheka kwa sababu amelazimishwa na kanisa. Nilidhani ndiyo malipizi. Katekista alikuwa ametuambia Kwaresima ni kipindi cha kujitesa. Nikajua basi, mama amechagua mateso yake, ni haya.

Nikamwuliza siku moja tunaanika mashuka, "Mama, kwa nini humwachi? Anakutukana."

Mama hakuacha kukamua. "Mie namwogesha Kristo, mwanangu."

"Kristo anatukana?"

"Huyu wa kwangu Mzaramo," akasema, akacheka tena peke yake. Mie sikucheka.

Halafu ikaja Jumamosi moja. Mama alikuwa amemnyanyua Bi Mwanaidi amwegemeze ukutani, akawa anahema. Bi Mwanaidi akasema, "Lo, Wanyamwezi kweli mliumbwa kwa mizigo. Mumeo kafa na mzigo, wewe utakufa na mzigo, na hako katoto kako nako nakaona kichwa kimeshaanza kuwa bapa."

Nikamwangalia mama. Nilijua sasa atamwachia yule mzee aanguke. Nilijua, nikasubiri kwa hamu kabisa. Mama alisimama, kitambaa mkononi. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta uso na kitambaa kile kile cha kuogeshea, akasema, "Mshenzi wewe! Wewe nitakuzika na mkeka uliotoboka!" Na yule mwingine anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Walimcheka baba yangu. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Baba yangu amelala chini ya udongo na wanawake wawili wanacheka, na mmoja ni mama yangu. Nilitoka nje nikapiga ndoo teke mpaka ikapasuka mdomo. Nilikaa na jambo lile siku nzima, siku mbili, siku tatu. Mie ni mtu wa kulipiza, hata biashara nimeifanya hivyo, aliyeniambia siwezi ndiye aliyenifanya niweze. Na siku ile ndiyo nililipiza kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa katikati ya wiki, nimetoka shule. Mama alikuwa sokoni Tandika kununua mchele wa vitumbua. Nikachota maji kama kawaida, nikajaza birika mpaka juu. Halafu sikuliweka kitandani. Nililiweka mlangoni, kwenye kizingiti, nikasimama nyuma yake.

Bi Mwanaidi akageuza kichwa. "Mpagazi, umepotea njia? Kitanda kiko huku."

"Njoo ubebe mwenyewe mzigo wako."

Nilitegemea apige kelele, alie, aniombe. Akaangaza macho, akacheka! "Ehee! Kameota meno! Njooni muone, Mnyamwezi mdogo kameota meno!" Alifurahi kweli kweli. Na ile furaha ndiyo iliyonimaliza. Ningemsogezea, nasema ukweli wangu, kama angelia ningemsogezea. Nikamgeuzia mgongo nikaondoka.

Nikaenda uwanjani kucheza mpira. Nilicheza vibaya, wenzangu wakanitoa golini wakaniweka beki. Adhana ya alasiri ikapiga. Kila neno la ile adhana nililisikia, sijawahi kuisikia adhana namna ile. Nikajiambia nikimaliza hii mechi naenda. Tukafungwa. Nikajiambia ya pili fupi. Miguu ilikuwa inakwenda kwenye mpira na kichwa kiko kwenye kizingiti.

Nilipofika mama alikuwa ameshatangulia. Bi Mwanaidi alikuwa sakafuni, katikati ya chumba, kalala ubavu, amelowa jasho. Mkono wake mzima ulikuwa umenyooka kuelekea mlangoni, kucha zimejaa mchanga wa sakafu. Alikuwa ametambaa. Miguu imekufa, mkono mmoja umekufa, ametambaa kwa mkono mmoja kufuata maji. Birika bado liko palepale kizingitini, limejaa, na mama amelisimamia akiliangalia. Hakuuliza ni nani. Nani mwingine alikuwa anashika birika lile?

"Wewe," mama akasema. Sauti haikuwa yake. Alikuwa anatafuta kitu cha kunipigia, macho yanazunguka chumba.

"Muache," Bi Mwanaidi akasema toka chini. "Muache huyo. Kanitania."

"Hii ya kutania hii?"

"Mie kila siku namtukana, leo kajibu. Mtani hapigwi, Mnyamwezi wewe, hata hilo umesahau? Ninyanyueni kwanza. Na nyie kazi yenu kunyanyua."

Hakuna aliyecheka. Tukamnyanyua. Tulipomshika nyonga alitoa sauti ambayo sitaiandika hapa. Mama akasogeza birika, Bi Mwanaidi akatia udhu, akaswali alasiri yake imechelewa, macho yake yanapanda na kushuka, na mama na mie tumekaa sakafuni tunamsubiri amalize.

Njiani kurudi ndipo mama aliponiambia. Kwamba babu zetu walikuwa wanashuka na mizigo toka bara, miguu imevimba, na walikuwa wanafikia kwa Wazaramo. Walipigana, wakazoeana, wakazikana, ndipo wakawa watani. Mtani anakutukana msibani kwa sababu yeye ndiye anayekuzika. Na akaniambia lile ambalo wakati ule nilikuwa kwa jirani nakula mkate: siku ya msiba wa baba, Bi Mwanaidi, bado mzima wa miguu, ndiye aliyelala mlangoni kwetu akazuia jeneza. Akapiga kelele kwamba Mnyamwezi huyu hatoki mpaka aeleze kwa nini kaacha mzigo wake njiani. "Nilikuwa nimekauka," mama akasema. "Siku tatu chozi halitoki. Aliposema vile nikacheka, na nilipocheka ndiyo nikaweza kulia. Wewe unadhani mie namwogesha kwa ajili ya mwenyekiti?"

Nilikuwa natembea nyuma yake naangalia visigino vyake.

Tangu siku ile nilimhudumia yule bibi kama sijui nini. Maji mpaka pipa linamwagika. Nilijifunza kumgeuza, kumwosha miguu, hata chungu cha usiku nilikimwaga bila kuziba pua. Naye alinifundisha matusi mazuri ya Kizaramo, nayajua mpaka leo. Lakini nyonga haikukaa sawa. Ukimgeuza upande ule anauma kanga. Donda likatokea, likakua. Nikamwuliza mama, "Ni kwa sababu ya kuanguka?" Mama akasema wazee wenye kiharusi ndivyo wanavyokwenda, donda lingekuja tu. Labda. Baadaye nimekuja kuwauliza madaktari wawili, watu wangu, tunakula pamoja, wote wananijibu "labda" kwa maneno marefu zaidi.

Alifariki baada ya Pasaka, alfajiri ya Ijumaa. Mtoto wake wa Mafia alifika kwa bahati tu, alikuwa ameshapanda chombo kabla ya habari. Wakapanga baada ya sala ya Ijumaa azikwe. Uani kumejaa, wanawake wa msikitini na wanawake wa jumuiya wanamenya vitunguu pamoja, mwenyekiti wetu yuko barazani na kofia yake mkononi, hajui aivae au aivue. Walipolinyanyua jeneza kulitoa, mama akatokea. Alikuwa amejitupia gunia begani, kanga kaifunga kiunoni kama kuli. Akajilaza mlangoni.

"Haendi mtu! Huyu Mzaramo kanitukana kila siku kwamba mie mpagazi. Leo nani mzigo? Semeni! Nani kabebwa leo?"

Msiba ukalipuka. Watu wanacheka na wanalia pamoja, yule mtoto wa Mafia, mtu mzima na ndevu zake, analia kama mtoto na anacheka. Makuli wawili wenzake baba, Wanyamwezi, wakasukuma watu wakaingia bega chini ya jeneza wakidai mzigo ni wa kabila lao. Wazaramo wanajibu matusi. Halafu mwanamke mmoja akanishika akanisukuma mbele. "Na huyu mtani mdogo je? Sema na wewe! Mtukane bibi yako!"

Jeneza liko usawa wa macho yangu, limefunikwa shuka ya kijani. Nilikuwa na matusi yote aliyonifundisha. Nikafungua mdomo, na kilichotoka sikukipanga.

"Mie ndiye niliyeliweka birika mlangoni!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Mie ndiye niliyemwangusha! Nimemuua mie!"

Wakacheka.

Walicheka kuliko walivyocheka kwa mama. Mzee mmoja akajipiga paja, "Lo, huyu Mnyamwezi huyu! Utani wa kiume huo!" Wakanirushia halua, mtu akanibeba juu juu akanizungusha, na jeneza likapita chini yangu likatoka nje. Nilikuwa nalia, wakasema tazama na kulia anajua kuigiza. Niliona nyuso zote toka juu kule, zote meno. Mama peke yake alikuwa hacheki. Alikuwa ameshainuka mlangoni, gunia limemdondoka, ananiangalia.

Jioni ile nyumbani nilisubiri aseme. Aliosha vyombo, akaloweka mchele wa vitumbua. Mwisho nikasema mie.

"Mama, mie sikuwa nafanya utani."

"Najua."

"Hawajanisamehe. Wamecheka tu."

"Najua, mwanangu."

"Sasa nifanyeje?"

Mama aliufunika mchele, mikono imelowa. Nilitaka aniambie kitu kikubwa. Nilitaka anipeleke kwa Padri, au anipige, yoyote ingefaa. Akafuta mikono kwenye kanga, akaichukua ile ndoo yangu iliyopasuka mdomo, akaiweka karibu na mkeka ninapolalia.

"Kesho Jumamosi," akasema. "Kuna mzee kule Tandika hajaogeshwa wiki. Huyo hana utani na sie, kwa hiyo usiongee sana."